Fazi ya gitaa ya kujitengenezea: mambo yote yako kwenye volti nne na nusu

Fazi, ile sauti ya gitaa iliyochakaa kwa makusudi, ilianza kama ubovu. Nashville, Marekani, mwishoni mwa 1960, wanarekodi wimbo wa Marty Robbins unaitwa Don't Worry, Grady Martin anapiga besi ya nyuzi sita, afu chaneli moja ya meza ya kurekodia ikazingua, sauti ikatoka imechakaa, inakwaruza kama spika iliyochanika. Wakaiacha hivohivo, wimbo ukatoka 1961 na watu wakaupenda. Shida ikaja baadae, kila mtu anataka ile sauti na ile chaneli imeshakufa kabisa. Fundi mitambo aliyekuwepo siku ile, Glenn Snoddy, akakaa chini akatengeneza saketi ndogo ya transista inayoiga ule ubovu, wazo likafika kampuni ya magitaa ya Gibson, na 1962 ikatoka sokoni Maestro FZ-1, pedali ya fazi ya kwanza kuuzwa madukani, yani kaboksi unakokakanyaga kwa mguu kubadili sauti ya gitaa. Kichekesho ni kwamba waliitangaza kama kitu cha kufanya gitaa lisikike kama tarumbeta na tuba. Haikuuzika sana mpaka 1965, Keith Richards wa Rolling Stones alipoitumia kwenye wimbo wao wa Satisfaction, na hata yeye alikuwa anashika tu sehemu ya tarumbeta, alitegemea baadae waje wapuliza matarumbeta waifute. Hawakuifuta.

Nimeanza na hiyo stori kwa sababu ukiielewa umeelewa nusu ya mambo. Mtu akisikia unatengeneza pedali nyumbani anadhani unafanya kitu cha hali ya juu, kumbe unatengeneza amplifaya mbaya kwa makusudi. Kazi yote ni kujua iwe mbaya kiasi gani, na ubaya huo unapimika kwa multimeta ya bei rahisi, kile kifaa cha kupimia umeme. Mi nilichelewa sana kulijua hilo. Nilipoteza karibu mwaka mzima natafuta transista za ajabu ajabu mtandaoni, nasoma watu wanavyosifia transista ya mwaka fulani kama wanasifia mvinyo, na pedali zangu bado zinatoa sauti ya nzi kwenye chupa.

Kwanza tuelewane fazi inafanya nini, maana watu wanachanganya na disto ya kawaida. Nyuzi zikitikisika juu ya pikapu, zile sumaku zenye koili za kwenye gitaa, zinatoa umeme mdogo, tuseme sehemu ya kumi ya volti, wimbi lake linapanda na kushuka taratibu lina mgongo wa mviringo. Saketi ya fazi inalichukua hilo wimbi inalikuza mara mamia. Piga hesabu, volti 0.1 ukiikuza mara 200 inatakiwa iwe volti 20, lakini we una betri ya volti 9, hizo 20 zitatoka wapi? Hazitoki. Ni sawa na mtu mrefu aliyesimama kwenye daladala ya Hiace, kichwa kinagonga paa anabaki amepinda shingo mpaka anashuka. Wimbi linapanda likifika kwenye volti 9 linagonga paa linakuwa bapa, linashuka likifika sifuri linagonga sakafu nako linakuwa bapa. Lile wimbi la mgongo wa mviringo sasa lina pembe kama matofali.

Na hizo pembe ndo sauti yenyewe. Wimbi laini lina sauti moja tu ndani yake, wimbi la tofali limebeba sauti nyingi zilizopandana. Ukipiga waya wa A mtupu, ule wa hezi 110, tofali lililokatika sawasawa juu na chini linakuletea pia 330, 550, 770 na kuendelea, na likikatika upande mmoja zaidi ya mwingine zinaingia na zile za 220 na 440. Ndo maana fazi mbili zenye vipande vilevile zinaweza kulia tofauti, moja inakata sawasawa nyingine inakata juu zaidi kuliko chini. Hapa ndipo ile volti ya kwenye kichwa cha habari inapoingia, lakini subiri kidogo.

Kitu kingine kinachowasumbua wengi ni kodi, yani noti kadhaa zikipigwa kwa pamoja. Unawasha fazi unapiga kodi ya C kamili na nyuzi zote, inatoka uji. Sio pedali mbovu. Nyuzi zote zinaingia kwenye transista kwa pamoja zikiwa zimeshachanganyika, zinakatwa pamoja, na zikikatwa pamoja zinazaa sauti mpya ambazo hukuzipiga. Ukipiga 110 na 165, yani noti ya kwanza na ya tano, tofauti yake ni 55, ambayo ni A ileile ila ya chini, inaingia vizuri tena inanenepesha. Ukipiga 110 na 138.6, ya kwanza na ya tatu, tofauti yake ni 28 na kitu, haifanani na chochote hapo, inabaki inanguruma kama jenereta ya jirani. Kwa hiyo wapiga fazi wanashika noti mbili, au moja moja. Sisi tuliolelewa na solo safi la dansi na rumba, kila noti inasikika kama tone la maji, hii inachukua muda kuizoea. Ila msiseme ni mambo ya wazungu, majirani zetu Zambia miaka ya 70 walikuwa nayo kwenye kila kona, sikilizeni bendi ya WITCH, sikilizeni Amanaz na albamu yao ya 1975 inaitwa Africa, gitaa limechanika mpaka raha.

Sasa saketi. Ninayoifahamu vizuri, na ambayo namshauri mtu yeyote aanze nayo, ni Fuzz Face. Ilitolewa London 1966 na kampuni ya Arbiter, ile ya duara iliyofanana na kitako cha stendi ya maiki, Jimi Hendrix ndo aliyeifanya ijulikane dunia nzima. Ukiifungua unacheka. Transista mbili, rezista nne, kapasita tatu, na vitufe viwili vya kuzungusha, basi. Vipande kumi na moja. Redio ya mbao ya babu ina vingi kuliko hivyo.

Transista ya kwanza tuiite Moja, ya pili Mbili. Kila moja ina miguu mitatu, beizi, kolekta na emita, umeme mdogo ukiingia beizi unafungua mkubwa upite kati ya kolekta na emita. Gitaa linaingia kwenye beizi ya Moja likipitia kapasita ya maikrofaradi 2.2, hiyo kapasita kazi yake ni kupitisha wimbi na kuzuia umeme wa betri usirudi kwenye gitaa. Emita ya Moja inakwenda moja kwa moja kwenye hasi. Kolekta yake inapata chakula kutoka kwenye betri kupitia rezista ya 33k (k ni omu elfu moja), afu hiyo hiyo kolekta imeunganishwa moja kwa moja na beizi ya Mbili, hamna kitu katikati. Emita ya Mbili inashuka kwenye hasi kupitia kitufe cha 1k, hicho ndo kinaitwa fazi, na mguu wake wa kati una kapasita ya maikrofaradi 22 kwenda hasi. Kolekta ya Mbili inapanda kwenye betri kupitia rezista mbili zilizofuatana, 8.2k afu 470. Pale zinapokutana hizo mbili ndo sauti inatoka, inapitia kapasita ya nanofaradi 10, inafika kwenye kitufe cha 500k cha sauti, inakwenda kwenye amplifaya. Imebaki rezista moja ya 100k, inatoka emita ya Mbili inarudi nyuma mpaka beizi ya Moja.

Hiyo ya 100k ndo mimi naipenda kuliko zote. Umeona boya la kwenye simtanki? Maji yakipanda boya linapanda linafunga koki, yakishuka linashuka linafungua, hakuna mtu anayekaa juu ya tanki kufungua na kufunga. Hii saketi iko hivo. Transista Moja ikifunguka sana, volti ya kolekta yake inashuka, kwa kuwa imeshikana na beizi ya Mbili nayo inashuka, emita ya Mbili inashuka, na kwa kuwa ile 100k inachukua umeme hapohapo kwenye emita kuipelekea Moja, basi Moja inapungukiwa inajifunga kidogo. Ikijifunga sana mambo yanageuka. Inajitafutia usawa yenyewe. Jamaa walioibuni walitumia rezista moja kufanya kazi ambayo vitabuni unaambiwa inahitaji tatu.

Na kwa sababu inajitafutia yenyewe, unaweza kukisia itasimama wapi kabla hujawasha. Transista ya silikoni inahitaji kama volti 0.6 kati ya beizi na emita ili ifunguke. Emita ya Moja iko kwenye sifuri, kwa hiyo beizi yake ni 0.6. Emita ya Mbili lazima iwe juu kidogo ya hapo ili isukume umeme kupitia 100k, tuseme 0.7. Kama emita ya Mbili ni 0.7, beizi yake ni 0.6 zaidi, yani 1.3, na hiyo ndo kolekta ya Moja. Hesabu za darasa la tano. Sasa angalia, volti 0.7 juu ya kitufe cha 1k ni miliampia 0.7. Hizo hizo miliampia 0.7 zinapita kwenye 8.2k na 470 huko juu, jumla 8.67k, zidisha, unapata karibu volti 6. Betri ni 9, toa 6, kolekta ya Mbili inabaki na 3.

Tatu. Na sisi tunataka nne na nusu.

Kwanini nne na nusu? Kwa sababu ndo katikati ya 9 na sifuri. Wimbi linapanda na kushuka kuanzia pale kolekta ilipotulia, ikitulia katikati linagonga paa na sakafu kwa pamoja, ikitulia kwenye 3 linagonga sakafu mapema paa bado liko mbali. Haina maana 3 ni mbaya, wengine wanaipenda, inakuwa na ukali fulani. Lakini ikishuka mpaka volti moja au ikapanda mpaka nane na nusu, noti inatoka kama redio inayokufa betri, kwanza inatoa kohozi, afu ukiacha waya itulie inakatika ghafla tii. Kuna wanamuziki wanaitafuta hiyo sauti kwa makusudi, sawa, ila ujue unaitafuta, isije ikawa ndo sauti pekee pedali yako inayoijua.

Zile 8.2k ziliwekwa kwa ajili ya transista za zamani za jemaniamu, zenyewe zinafunguka kwa volti ndogo zaidi. Ukichomeka silikoni bila kubadili kitu unaangukia kwenye tatu hivi. Dawa yake ni kutoa ile 8.2k na kuweka trimu ya 10k, vile vitufe vidogo vya kuzungusha kwa bisibisi, uweke multimeta kwenye kolekta ya Mbili uzungushe mpaka isome 4.5. Kwa hesabu yetu itasimama karibu na kilo-omu 6. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilikuwa na gitaa mapajani, rafiki yangu ndo ananizungushia, nampigia noti ileile moja, na unasikia kabisa ilivyokuwa inatoka kwenye nzi wa kwenye chupa inakuja, inanenepa, inafika mahali inaimba, anapitiliza inaanza kukohoa tena, rudisha bana rudisha, hapo hapo. Tukaangalia multimeta inasoma 4.4. Transista zilikuwa ni zilezile nilizotaka kutupa.

Kwa hiyo transista ipi? Kwa kuanza yoyote ya silikoni aina ya NPN, BC108 na BC109 ndo zilizotumika kwenye Fuzz Face za baadae, lakini BC547, 2N3904, 2N2222 zote zinalia. Ingia maduka ya spea za redio Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa walioko Nairobi, utazipata kwa hela ndogo, nunua kumi. Au vunja ubao wa kifaa kilichokufa, pawasaplai za kompyuta za zamani zimejaa C945 na redio za Kijapani zimejaa C1815.

Hapa sasa nikueleze nilivyoaibika. Pedali yangu ya kwanza nilitumia C1815 za kuvunja kwenye redio, mchoro ulikuwa wa 2N3904. Zote ndogo, nyeusi, tumbo bapa upande mmoja, miguu mitatu. Nikalehemu vizuri, nikapaka na rangi kabisa boksi, nikawasha, kimya. Siku tatu. Nikalehemu upya kila kitu, nikabadilisha jeki, nikabadilisha betri, nikaanza kushuku gitaa. Kumbe ukiitazama 2N3904 upande wa bapa miguu yake kutoka kushoto ni emita, beizi, kolekta. C1815 ni emita, kolekta, beizi. Na BC547 ndo kabisa imegeuka, kolekta, beizi, emita. Nilikuwa nimechomeka beizi kwenye tundu la kolekta. Na multimeta ilikuwa inaniambia muda wote, kwenye tundu la kolekta ya Moja nilikuwa nasoma kama 0.7 badala ya 1.3, na 0.7 ni harufu ya beizi. Sikujua kusoma. Siku hizi transista yoyote kabla haijakaribia solda naipima miguu, multimeta nyingi za bei rahisi, zile ndogo za njano, zina soketi ya duara imeandikwa hFE, unachomeka inakupa na namba ya nguvu ya transista, yani inakuza umeme mara ngapi. Ikisoma mia na kitu mpaka mamia umeipatia, ikisoma sifuri au vinamba vya ajabu umeigeuza.

Jemaniamu sasa. Hizi ndo watu wanazoziimba, NKT275, AC128. Fuzz Face za mwanzo zilikuwa nazo, na ni kweli zina sauti laini zaidi, kingo za lile tofali hazikati sana. Redio za zamani za transista, za Philips hasa, unaweza kukuta AC128 ndani yake kwenye sehemu ya kusukuma spika, kwa hiyo kama kuna redio ya marehemu babu imekufa juu ya kabati, omba ruhusa kwanza kwa bibi, afu ifungue. Tatizo ni kwamba jemaniamu zinavuja. Hata ukiifunga inapitisha umeme kidogo, na huo umeme unaovuja unakaribia kuongezeka maradufu kila joto likipanda nyuzi kumi. Ile namba ya hFE kwenye multimeta nayo inadanganya, inahesabu na uvujaji humohumo, transista inasoma 150 kumbe nguvu yake halisi ni 80. Huko kiwandani miaka ile walikuwa wanachomeka tu, ndo maana wapiga gitaa walikuwa wanajaribu kadhaa dukani mpaka wapate inayolia. Kwa Moja inatafutwa ya kama 70 au 80, kwa Mbili kama 110 mpaka 130, na uvujaji mdogo.

Na London sio Dar. Pedali ya jemaniamu uliyoipima asubuhi saa moja kuna kaupepo, ukaipeleka kupiga ukumbini mwezi wa pili, bati juu, taa zinawaka, watu wanacheza, saa nne usiku volti yako imeshahama na inakohoa. Mimi imenitokea. Tena AC128 na NKT275 ni PNP, kinyume cha zile NPN, maana yake kwenye saketi ya asili betri inageuka, chanya ndo inakuwa chini, ukiitumia adapta moja na pedali zingine umepiga shoti. Kwa hizo sababu mbili anayeanza namwambia aachane nazo kwanza. Silikoni haijali joto kiasi hicho.

Kuna jambo lingine ambalo huwezi kulipima kwa multimeta na ndo linaloitofautisha hii saketi na nyingi zilizokuja baadae. Mlango wake wa kuingilia ni mdogo sana, ina maana inalinyonya gitaa. Pedali za kawaida zina mlango wa laki kadhaa au milioni ya omu, zinasikiliza gitaa kwa mbali bila kuligusa. Fuzz Face iko kwenye maelfu machache tu, kwa hiyo pikapu, waya, na kitufe cha sauti cha gitaa vyote vinakuwa sehemu ya saketi. Unafungua gitaa lote, fazi inanguruma. Unarudisha kitufe cha gitaa kidogo tu, kutoka kumi kuja saba, sauti inasafika, inakuwa ya kengele, safi lakini yenye chumvi kidogo, unaweza hata kupigia rumba. Hujagusa pedali kwa mguu. Nimekaa na hiyo kitu tu jioni nzima, kitufe juu, kitufe chini. Lakini ukiweka pedali nyingine kabla yake, hasa hizi ambazo hata zikizimwa zinakuwa na bafa ndani, yani saketi ndogo inayokaa katikati ya gitaa na kinachofuata, ule uhusiano unakatika na fazi inakuwa kali kama msumeno, kurudisha kitufe hakusaidii tena. Iwe ya kwanza kutoka kwenye gitaa, wala usibishane na hilo.

Kuhusu sauti kuwa ndogo, wengi wanalalamika wakiwasha fazi wanamezwa na bendi. Rudi kwenye zile rezista mbili. Sauti inachukuliwa katikati ya 470 na 8.2k, maana yake unapata asilimia 5 tu ya kinachotokea kwenye kolekta, nusu volti hivi. Badilisha 470 weka 1k, inapanda karibu mara mbili, afu urudishe ile trimu kidogo ili 4.5 ikae pale pale. Mabadiliko ya rezista moja na hauna haja ya kununua busta, pedali ya kuongeza sauti.

Ujenzi wenyewe sina mengi ya kusema, usilehemu mara ya kwanza, chomeka kwenye bredibodi, ubao wa matundu usiohitaji kulehemu, usikilize, ubadilishe vipande kwa mkono, ikishakupendeza ndo uhamie kwenye verobodi, ule ubao wa kulehemu. Solda ya wati 30 inatosha. Jeki ya kuingizia nunua ya stirio hata kama gitaa ni mono, hasi ya betri iunge kwenye ule mguu wa katikati wa pete, waya wa gitaa ukichomeka unagusanisha pete na hasi na pedali inawaka, ukichomoa inazima. Swichi ya mguu ya miguu tisa ndo inasumbua kuipata, niliagiza, ikachukua wiki kadhaa. Wakati nasubiri nilitumia bila swichi, nachomoa na kuchomeka kama mwendawazimu.

Boksi lazima liwe la chuma. Nasisitiza kwa sababu najua utashawishika na kopo la plastiki. Saketi inayokuza mara mamia inakuza kila kitu, umeme wa ukutani wa hezi 50 unaingia nguuuu, na redio nayo inaingia, nishawahi kusikia mtangazaji anasoma habari ndani ya amplifaya yangu. Kaboksi ka chuma ka soketi za ukutani kanafaa sana, kanauzwa duka lolote la vifaa vya umeme, unatoboa matundu unakaunganisha na hasi, sehemu kubwa ya kelele inaondoka. Kama redio bado inang'ang'ania weka kapasita ya pikofaradi 100 kati ya beizi na kolekta ya Moja.

Umeme wake ni mdogo mno, miliampia moja haifiki, betri moja ya mraba ya volti 9 inakaa mamia ya masaa ukikumbuka kuchomoa waya. Tumia betri. Ukitaka adapta uwe makini, ile ya ruta ya intaneti iliyoandikwa 9V iliyolala kwenye droo mara nyingi chanya yake iko katikati, na pedali za gitaa kwa mazoea hasi ndo inakaa katikati. Iliniunguzia pedali moja. Daiodi ya 1N4001 kwenye mlango wa umeme ingeiokoa na ni bei ya pipi.

Ya jemaniamu sikuitupa lakini. Ile trimu nimeiweka karibu na ukuta wa boksi, nikatoboa tundu dogo linalopita ncha ya bisibisi. Ukumbi ukishachemka, kati ya wimbo na wimbo nainama kama nafunga kamba za kiatu, nazungusha robo, napiga noti moja, bado, robo nyingine. Mpiga ngoma amezoea, ananisubiri.